Pikipiki za Umma Zinauawa na Uzembe, Siyo na Matope

Umezuka mtindo mbaya katika baadhi ya ofisi za umma wa kuyasingizia matope makosa ya binadamu. Pikipiki ya kazi ikisimama, barabara ndiyo inayolaumiwa. Ikikaa mwaka mzima chini ya mwembe, matairi yamelala na kiti kimegeuzwa kitagio cha kuku, lawama hupelekwa kwa mvua za masika, kisha kwa kiwanda kilichoiunda ng'ambo, na mwisho kwa Hazina. Katika orodha hiyo ndefu ya washtakiwa wanasahauliwa wawili tu: mtumishi aliyekabidhiwa chombo kikiwa kipya, na ofisi iliyomkabidhi bila kutenga hata senti moja ya kukitunza.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2018 Serikali ilitoa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa waratibu elimu kata ili wazifikie shule zilizo mbali na ofisi zao. Mwaka 2022 zikafuata pikipiki za maafisa ugani, nazo zilihesabiwa kwa maelfu. Hotuba zilitolewa na funguo zikapokelewa kwa mikono miwili. Vyombo hivyo vilinunuliwa kwa fedha za umma, au kwa misaada iliyoombwa kwa jina la umma. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza swali moja la wazi: ni ngapi zinazotembea hata leo, na zisizotembea ziliuawa na nini?

MATOPE NI YALE YALE

Anayetaka jibu na aende Mkula, katika wilaya ya Kilombero. Kata hiyo imekaa kati ya miteremko ya milima ya Udzungwa na bonde la mashamba ya mpunga na miwa. Barabara kuu ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilomita 66.9, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika, sasa ni ya lami. Lakini shule, mashamba na nyumba za wananchi hazikujengwa zote kando ya lami. Hatua chache kutoka barabara kuu zinaanza njia za udongo, kingo za mifereji ya umwagiliaji, makorongo yanayoshuka kutoka mlimani na mitaro iliyochimbwa na magurudumu ya matrekta ya miwa.

Ndiyo maana chombo kinachofaa hapo ni ile pikipiki ndefu ya matumizi mawili, inayokwenda lami na porini: gurudumu la mbele la inchi 21 linalopanda juu ya mawe na mizizi, la nyuma la inchi 18, shokapu zenye mwendo mrefu, na injini iliyoinuliwa mbali na ardhi. Pikipiki za jamii hiyo, kama vile Honda XL 125 na Yamaha DT 125, zimewabeba mabwana shamba, wauguzi na watumishi wengine wa vijijini kwa miongo kadhaa. Ziliundwa kwa ajili ya shida.

Hapo ndipo ajabu inapoanza. Katika kijiji kile kile, kijana wa bodaboda anaendesha pikipiki ya barabarani yenye magurudumu ya inchi 17, ambayo haikuundwa kwa makorongo. Anapakia abiria asubuhi, magunia ya mpunga mchana, na wagonjwa usiku wa manane. Ya kwake inatembea. Ya ofisi, iliyo imara zaidi na isiyofanya hata nusu ya kazi hiyo, mara nyingi ndiyo iliyosimama. Matope ni yale yale, vumbi ni lile lile, korongo ni lile lile. Tofauti iko kwa mwenye chombo. Kijana anajua kwamba pikipiki ikisimama, chungu hakitainjikwa jikoni. Mtumishi asiyejali anajua kwamba pikipiki isimame isisimame, mshahara utaingia mwisho wa mwezi.

Wapo wanaopenda kukumbusha shida za zamani. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni, na malori na matrekta yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa kipuri kidogo tu. Lakini wakati ule sababu ilikuwa ya kweli: vipuri havikuwapo. Leo maduka ya vipuri yamejaa hadi barazani. Anayeutumia udhuru wa mwaka 1982 kueleza uzembe wa leo anawadanganya wananchi.

KIFO CHA POLEPOLE

Pikipiki haifi ghafla kama mtu aliyepigwa na radi. Inakufa polepole, ikitoa dalili kila siku, na kila dalili inapuuzwa.

Chukua filta ya hewa. Kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie kwenye silinda. Filta ya sponji huoshwa, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kurudishwa mahali pake. Ni kazi isiyohitaji hata fundi. Isipooshwa inaziba, na injini inakosa pumzi na kunywa petroli kupita kiasi. Ikichanika, au ikiondolewa na mjanja anayedai kuwa injini itapata nguvu, vumbi linaingia ndani na kusaga ringi na kuta za silinda kama msasa. Baada ya muda bomba linatoa moshi wa buluu, na ofisi inaandika barua ya kuomba injini mpya.

Chukua oili. Injini ndogo ya mipigo minne hubeba takriban lita moja tu, na lita hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Ikipitisha muda wake inapoteza utelezi, na vyuma vinaanza kulana. Pikipiki ikizamishwa kwenye mto uliofurika, maji yanaweza kupenya hadi kwenye injini, na oili ikageuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Mwenye kujua huimwaga siku ile ile na kuweka nyingine. Asiyejali huwasha na kuondoka. Tofauti kati ya bei ya lita moja ya oili na bei ya silinda, pistoni na ringi zake inajulikana na mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya duka la vipuri pale Ifakara.

Chukua mnyororo. Unatakiwa uwe na mlegeo wa sentimita chache tu, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Ukikazwa mno unaharibu beringi. Ukilegea mno unaruka kutoka kwenye sproketi. Tope lililochanganyika na mchanga likikauka juu yake linakuwa jiwe la kunolea. Meno ya sproketi yakianza kuinama kama ndoana, hapana budi mnyororo na sproketi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja, kwani mnyororo mpya juu ya meno mabovu unakufa mapema kama ule wa zamani. Na mnyororo ukikatika katika mwendo unaweza kulikamata gurudumu la nyuma. Hapo jambo si la vipuri tena. Ni la roho ya mtu.

MAPAMBO SI MABORESHO

Liko balaa la pili, nalo ni la wale ambao hawatunzi bali wanapamba. Hao wameligeuza neno "kuboresha" kuwa kichaka cha kufichia anasa. Wanatoboa bomba la moshi ili pikipiki ingurume. Wanafunga taa za rangi zinazonyonya betri. Wanaondoa vioo vya pembeni na kukata madigadi kwa kuwa, eti, pikipiki inapendeza zaidi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mngurumo hauongezi nguvu. Katika injini ndogo ya kabureta, bomba lililochezewa bila kabureta kurekebishwa huharibu uwiano wa hewa na petroli, na injini inaweza kupata joto la kupindukia. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele tu. Mratibu wa elimu anayeingia shuleni kwa kishindo hicho anavunja kipindi cha darasa zima kabla hajashuka kwenye kiti.

Maboresho ya kweli huanza na swali: chombo hiki kinakwenda wapi, nacho kinabeba nini? Kwa njia za Mkula majibu si magumu. Tairi lenye meno makubwa linashika vizuri katika tope, lakini juu ya lami yenye maji linateleza na linakwisha upesi. Kwa hiyo anayepita kote kuwili anahitaji tairi la kati, na anahitaji kujua kupunguza upepo kidogo anapoingia kwenye tope na kuurudisha anapotoka.

Kadhalika sproketi. Pikipiki yenye meno 15 mbele na 45 nyuma ina uwiano wa 3. Sproketi ya nyuma ikibadilishwa ikawekwa ya meno 48, uwiano unakuwa 3.2, na nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 7. Mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, lakini afisa ugani anayepanda mlima na mfuko wa mbegu nyuma yake hana mashindano na mtu. Bamba la chuma chini ya injini linaikinga na mawe ya makorongo. Mpira wa kupumulia wa injini na wa kabureta, ukiinuliwa hadi chini ya kiti, unapunguza hatari ya kunyonya maji. Kerea iliyochomelewa vizuri inazuia madaftari ya shule yasidondoke njiani. Mambo hayo yote yanawezekana kwa fundi na mchomeleaji wa Ifakara au Mang'ula. Lakini hayangurumi wala hayamulikimuliki, na ndiyo maana wapenda sifa hawayataki.

VIPURI BANDIA NA WATU WAO

Uzembe na mapambo vina rafiki wa tatu: mfanyabiashara wa vipuri bandia. Huyu anauza pedi za breki zinazokwisha kabla ya mvua hazijakatika, beringi zinazolia baada ya safari chache, na mnyororo laini kama risasi, vyote ndani ya maboksi yenye majina ya viwanda mashuhuri. Wakati mwingine jina lenyewe limekosewa herufi moja. Mnunuzi wa umma anaona bei ndogo, anachukua, na anajisifu kwamba ameokoa fedha. Kipuri cha rahisi kinachobadilishwa mara tatu kina bei ya vipuri vitatu na safari tatu za fundi.

Sheria za kumdhibiti mtu huyo hazikukosekana. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Ipo pia Tume ya Ushindani yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Lakini hakuna mkaguzi atakayeweza kukaa katika kila duka la kila mji mdogo. Ulinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe: adai stakabadhi, aandike jina la duka, na kipuri kikifa kabla ya wakati akirudishe na kutoa taarifa. Ofisi inayonunua bila stakabadhi inamlinda mwizi.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba bonde la Kilombero si geni kwa kazi ya chuma. Jirani na Mkula, pale Mang'ula, kilijengwa kwa msaada wa China kiwanda cha mitambo na zana kilichohusiana na ujenzi wa reli ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na inayopita katika bonde hilo hilo. Kiwanda hicho kilikuja kufifia. Kwa hiyo mahali palipowahi kuchongwa vipuri vya mitambo mikubwa, leo bushi ndogo ya pikipiki inangojewa kutoka nje ya nchi. Huko ndiko kutotunza kunakoishia: kunaanza na nati moja iliyolegea na kunaishia na kiwanda kizima.

MSOMI NA GRISI

Hapana budi kusema ukweli kuhusu chanzo kimojawapo cha maradhi haya, hata kama utawaudhi wengine. Wapo wasomi wanaoona haya kushika spana. Mtu anaweza kufundisha darasani habari za msuguano na nishati, kisha akashindwa kukaza mnyororo wa pikipiki anayoipanda kila siku, na asione kwamba hiyo ni aibu. Grisi, kwa fikira zake, ni ya walioshindwa mtihani. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Anayetaka chombo kitembee sharti apige magoti kando yake asubuhi, aangalie kimo cha oili, abonyeze breki, apime mlegeo wa mnyororo, aguse nati moja moja, na atazame matairi. Ni kazi ya dakika chache, nayo haipunguzi heshima ya cheo cha mtu yeyote.

Fundi wa chini ya mti naye anadharauliwa, ingawa ndiye aliyeufanya usafiri wa vijijini uwe hai tangu bodaboda zilipotambuliwa rasmi kwa kanuni za mwaka 2010. Ana ujuzi, lakini aghalabu hana cheti wala geji ya kupimia valvu, na wakati mwingine anabahatisha. Dawa yake ni kumwendeleza. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya vyuo. Fundi aliyepimwa na kupewa cheti anaweza kuingia mkataba na halmashauri, akalipwa kwa haki na akawajibika kwa kazi yake.

FEDHA ZIPO, MPANGO HAUPO

Watasema, "Fedha hazitoshi." Jibu hilo limezoeleka, lakini halina msingi. Ofisi iliyopata fedha za kununua pikipiki ilipaswa kujua siku ile ile kwamba imenunua pia oili, matairi, minyororo na pedi za breki za miaka yote ijayo. Kununua chombo bila fungu la matengenezo ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa bila kuwaza majani. Wala si haki mtumishi mwenye nia njema atakiwe kununua mnyororo wa Serikali kwa mshahara wake. Akikosa kuangalia oili, lawama ni yake. Akiomba oili kwa barua tatu bila kujibiwa, lawama ni ya aliyezifungia barua hizo katika mtoto wa meza.

Kwamba jambo hili linawezekana kulithibitishwa zamani katika nchi ya Kiafrika yenye milima mikali kuliko ya Kilombero. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Barry Coleman wa Uingereza na Randy Mamola wa Marekani, mwendeshaji wa mbio za pikipiki, walikwenda Somalia na kukuta pikipiki za kazi za afya zimetelekezwa, nyingi zikiwa na ubovu mdogo tu. Kutokana na waliyoyaona likazaliwa shirika la Riders for Health. Katika Lesotho, kuanzia mwaka 1991, watumishi wa afya walifundishwa kukagua pikipiki kila siku, na vipuri vilibadilishwa kwa ratiba kabla havijafa. Kwa taarifa za shirika hilo, pikipiki 47 zilitembea miaka saba bila hata moja kuharibika njiani. Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na ratiba, daftari, na watu waliofuata vyote viwili.

LIFANYIKE NINI

Kwanza, kila pikipiki ya umma iwe na daftari lake. Kilomita, tarehe ya oili, kipuri kilichobadilishwa, duka kilikonunuliwa na saini ya fundi viandikwe humo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Badiliko lolote katika chombo, hata la sproketi, liandikwe na liidhinishwe, maana pikipiki ya umma si mali ya anayeipanda.

Pili, fungu la matengenezo liwekwe katika bajeti kwa jina lake, lisichanganywe na viburudisho vya vikao, wala lisihamishwe.

Tatu, matengenezo madogo yafanyike karibu. Wakala wa Ufundi na Umeme, ulioanzishwa mwaka 2005, una kazi yake katika matengenezo makubwa na katika ukaguzi. Lakini si busara pikipiki ya Mkula isafirishwe hadi Morogoro kwa ajili ya kubadilisha waya wa klachi. Mafundi wa Ifakara na Mang'ula wapimwe, waidhinishwe, wapewe kazi.

Nne, asikabidhiwe ufunguo mtumishi yeyote kabla hajaonyesha kwa mikono yake kwamba anaweza kusafisha filta, kumwaga oili, kukaza mnyororo na kuziba pancha. Leseni ya udereva pekee haitoshi.

Tano, chombo kikifa kabla ya wakati, daftari lifunguliwe na mwenye kosa ajulikane, awe ni mpandaji, mhasibu au mkuu wake wa kazi. Pasiwe tena na kifo kisicho na muuaji.

Yamkini wapo watakaoona kwamba mambo ya filta na sproketi ni madogo mno kwa ukurasa wa gazeti. Hao na wamuulize mwalimu wa shule iliyo mbali na lami, ambaye hajamwona mratibu wake tangu muhula uliopita. Na wamuulize mkulima wa mpunga aliyeona majani ya shamba lake yakigeuka manjano, akatuma ujumbe kwa bwana shamba, akajibiwa kwamba pikipiki ni mbovu. Mpunga haungoji kipuri. Mtoto wa darasa la tatu hangoji kipuri. Kila siku pikipiki ya umma inapolala chini ya mwembe kwa kukosa lita moja ya oili, wapo wananchi wanaoulipia usingizi huo, na hao hawakupewa ufunguo.